Mchoraji wa Picha za Katikati

Wakati wa vita, mtaani kwetu Bwiza kulikuwa na duka la kukodisha kaseti za video. Mchana mmoja nilikuwa pale kaunta, wakaingia mwanamke na mume wake. Mume alikuwa mchoraji wa vibao vya maduka katika mtaa wa Kamenge, hadi nyumba yao ilipochomwa. Tangu wahamie mtaani kwetu hakuwa ameshika brashi.

Mwanamke alirudisha katuni ya Kijapani. "Mzee, mutu aliyetengeneza hii bado muzima?"

Mwenye duka alivaa miwani, akafungua gazeti la Kifaransa lililokuwa na habari zake, akatutafsiria polepole. "Muzima kabisa. Alianza kijana, kazi yake kuchora picha za katikati tu. Mukono wa mutu unapanda: wakubwa wanachora mwanzo na mwisho, yeye anachora pale umefika nusu. Miaka mingi hivyo, ndiyo wakamupa filamu yake mwenyewe."

"Na hakuchoka?" mume akauliza. Sikuwa nimewahi kusikia sauti yake.

"Alichoka sana, wameandika. Lakini kila asubuhi alirudi mezani."

Mume alitazama viganja vyake, akavigeuza. "Mi niliacha miaka mbili tu," akasema, akaomba kalamu.

Nyuma ya bahasha iliyokuwa pale kaunta akamchora mkewe alivyoegemea kaunta, na kitenge chake. Mke alijiziba mdomo, akalia. Sisi wateja wengine tukajifanya tunachagua kaseti.

Siku hizi pale ni saluni, na jina la katuni ile limenitoka. Lakini vibao vya barabara yetu vya mwaka uliofuata, karibu vyote, vilikuwa kazi ya mkono wa mume yule.