Mlezi wa Njia za Kiangazi

Niliondoka Mbeya asubuhi moja ya masika bila kujua naenda wapi. Nilifunga chumba changu Mwanjelwa, nikamwachia jirani ufunguo, nikashika barabara ya kuelekea Uyole na begi mgongoni. Ukungu ulikuwa mzito na matope yalinifika kwenye vifundo vya miguu. Haikuwa mara ya kwanza kuondoka namna hiyo. Tangu nilipoacha shule kidato cha pili nimeishi kwa kuondoka: nimekuwa utingo wa malori, nimefyatua matofali Makambako, nimechuma chai Mufindi, nimeuza chaja za simu karibu kila stendi iliyo kati ya Tunduma na Iringa. Lakini safari zote hizo nilikuwa nafuata kitu. Asubuhi hiyo nilikuwa nakikimbia kitu, na kwa kuwa kilikuwa ujumbe ndani ya simu yangu, nilikwenda nacho mfukoni.

Uyole nilimkuta dereva mmoja niliyewahi kuwa utingo wake, anakagua matairi.

"Oyaa, utingo mstaafu! Wapi?"

"Mbele."

"Mbele ipi? Mimi naenda Dar."

"Nitashuka nikichoka."

"Panda. Ila habari za kompyuta sitaki. Ukinianza na kompyuta nitasinzia, tutaishia korongoni Kitonga."

Nikapanda, na kwa kuwa alinikataza kusema, nilikuwa na njia nzima ya kufikiri.

Ujumbe ulitoka kwa mlezi wangu. Huyu hakuwa mlezi wa kunilea utotoni. Alikuwa mtu wa nchi ya mbali ambaye sikuwahi kuiona sura yake, maana mahali pa picha yake alikuwa ameweka mbwa. Nilimpata kupitia steshenari moja ya Mwanjelwa. Mwenye steshenari ni mama wa Kihindu aliyezaliwa Mbeya, ambaye akipatana bei na wateja hutumia Kinyakyusa kizuri kuliko mimi niliyezaliwa Tukuyu. Nilimchapia barua na kumtolea fotokopi, naye akaniruhusu kutumia kompyuta kila kazi zinapopungua. Hapo ndipo nilipojifunza kuandika programu, nikijibiwa na mtandao maswali ambayo shuleni niliambiwa niache kuuliza.

Siku moja nilikuwa naichunguza programu ya ramani niliyoitumia kwenye simu, ile inayofanya kazi hata pasipo mtandao. Nikagundua ni programu huria: msimbo wake uko wazi, yeyote anaweza kuusoma na kuurekebisha, na wanaoitunza ni watu waliotawanyika duniani wasio na ofisi. Halafu nikaukuta ukurasa wao wa mawazo ya miradi. Kila mwaka huandika kazi wanazotamani zifanyike, na kila kazi huwekewa mlezi wa kumwongoza atakayeichukua. Nilizisoma kama mtu mwenye njaa anavyosikiliza mama ntilie akitaja vyakula. Kupunguza ukubwa wa ramani. Kusomea wasioona maelekezo kwa sauti. Kuonyesha miinuko kwa waendesha baiskeli. Halafu nikafika kwenye wazo moja nikasimama: ramani itambue njia zinazopitika kiangazi tu.

Mimi hizo njia nilikuwa nazijua kwa mabega. Nilishalisukuma lori kwenye milima ya Kilolo, nilishalala juu ya magunia ya viazi tukisubiri tope likauke, na ramani kwenye simu ilikuwa inasema tumebakiza dakika ishirini. Chini ya wazo waliandika kwamba linamfaa mwanafunzi au mtu yeyote anayeanza. Nililisoma hilo "au" mara nyingi, nikiogopa kwamba Kiingereza changu kimenidanganya.

Hakikunidanganya. Utaratibu wao ulikuwa utengeneze kwanza kitu kidogo ili wakuone. Nikarekebisha kosa dogo kwenye namna ramani inavyochora madaraja, wakayapokea marekebisho yangu. Nikaandika pendekezo langu, nikaeleza njia na mvua na magunia ya viazi. Wakanichukua. Nilipomwambia mama wa steshenari, aliita wateja waliokuwa kwenye foleni ya fotokopi.

"Mnamwona huyu? Anatengeneza ramani ya dunia, na jana amenitolea kurasa kichwa chini!"

Nilikuwa na msimu mmoja wa kufanya kazi hiyo. Katikati ya msimu mlezi angeipima. Ukifaulu unaendelea hadi kazi yako inaingizwa kwenye programu, ukishindwa nafasi inaishia hapo. Nilijua kwamba kwa mtu asiye na cheti mlango kama huo haufunguki kila siku. Kama njia zangu zingeingia kwenye ile ramani, ningekuwa na kitu cha kuonyesha popote duniani bila kuulizwa nimesoma wapi.

Kila Jumatatu mlezi aliniandikia mstari mmoja: mambo yanakwendaje? Nami kila Jumatatu nilijibu: nzuri, asante, na wewe? Hakuwahi kujibu hilo "na wewe". Nilidhani ana kazi nyingi.

Mwanzoni mambo yalikuwa mazuri kweli. Halafu nikakwama. Nilipowasha msimbo wangu, ramani ilizifunga njia za kiangazi wakati wa mvua kama nilivyotaka, lakini ilizifunga na nyingine zote. Nikaiuliza njia ya kutoka Mbeya kwenda Iringa, ikasema hakuna. Lami yote ile, malori yote yale, hakuna. Nikibadilisha upande mmoja, zinafunguka zote hadi zinazopita katikati ya mto. Nikirudisha, nchi nzima inafungwa. Niliyazunguka hayo wiki baada ya wiki, na msimbo nikauficha mahali pangu kwenye mtandao, kwa sababu sikutaka mkubwa auone ukiwa katika hali hiyo. Nyumbani kwetu mtu mzima hawekewi chakula kibichi mezani aseme kimebakiza nini.

Mama wa steshenari aliniona nimeinamia kioo bila kugusa chochote.

"Wewe, kazi ya watu imekushinda?"

"Haijanishinda, Mama. Imekwama kidogo."

"Umemwambia mlezi wako?"

"Hajaniuliza."

"Hajakuuliza! Si unasema kila Jumatatu anakuandikia?"

"Ananisalimia tu, Mama."

Akanitazama juu ya miwani. "Anakusalimia tu," alirudia polepole, halafu mteja akaingia kutaka picha za pasipoti, na hatukuyazungumza tena.

Siku ya kupimwa ilifika nikiwa sina cha kuonyesha. Jibu lake ndilo nililosafiri nalo mfukoni. Hakunifokea, na hilo liliniuma zaidi. Aliandika: kila wiki nilikuuliza, na kila wiki ukaniambia mambo ni mazuri. Nilikuamini. Sijui sasa niamini nini. Nasikitika siwezi kukupitisha.

Nilikasirika, nikamwona mtu asiye na utu. Hayo ndiyo niliyokuwa nayatafuna kutoka Uyole mpaka Makambako, Makambako mpaka Mafinga, dereva akipiga miluzi. Iringa tulisimama Ipogolo kunywa chai. Vijana wa chuo walipita na kompyuta zao mgongoni wakicheka, nikageuza kiti ili nisiwaone.

Tulipofika Ilula dereva alisimama kununua nyanya. Wauzaji walikuwa wamejipanga kando ya barabara na ndoo zao, lakini ndoo nyingi zilikuwa nusu. Mama mmoja alisogea dirishani.

"Kamwene, mama," dereva akasema.

"Kamwene, baba. Za safari?"

"Salama. Habari za hapa?"

"Nzuri tu."

"Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, tunamshukuru Mungu."

"Na nyanya?"

"Aah, nyanya nzuri."

"Mbona ndoo zina njaa?"

Hapo yule mama akaweka mkono kiunoni. "Baba wewe, acha tu. Nyanya zimeozea huko juu. Gari limezama kwenye tope tangu juzi, mume wangu yuko huko huko na homa, na mvua ndiyo hiyo unaiona."

Dereva akampa pole, wakaanza kuulizana barabara ipi imekatika. Mimi nilibaki nimeshika mlango wa lori. Mtu ana mume mgonjwa na mazao yanaoza, na amesema nzuri mara mbili. Wala hakusema uongo. Kila mtu pale alijua kwamba nzuri ya kwanza ni ya heshima, ya pili ni ya kupisha, na ukiuliza tena ndipo unapewa habari yenyewe. Dereva alijua, ndiyo maana hakuishia njiani.

Nami wiki zote zile nilikuwa nimesimama na nzuri yangu ya kwanza, nasubiri mlezi aulize tena. Alikotoka yeye, inaelekea swali lile moja ndilo lilikuwa lote. Alifungua mlango kila Jumatatu, akaniona nimesimama nje natabasamu, akadhani sina haja ya kuingia.

Nilikaa juu ya gurudumu la akiba nikamwandikia. Sikumsalimia, na vidole vilisita zaidi kwa kukosa kusalimia kuliko kwa Kiingereza. Niliandika kwamba nimekwama tangu zamani, kwamba ramani yangu inafunga nchi nzima, kwamba sijui kwa nini. Nikaufungulia msimbo wangu wote aone, na uchafu wake, na majaribio niliyoyaacha katikati. Nikatuma kabla dereva hajamaliza kupanga ndoo.

"Umelia?" aliniuliza nilipopanda.

"Vumbi."

"Vumbi, na mvua hii!"

Hakuniuliza zaidi mpaka tukamaliza kuteremka Kitonga. Chini kule baridi yote niliyokuja nayo kutoka Mbeya iliisha, nikavua sweta. Tulipofika Ruaha Mbuyuni nilimwambia anishushe.

"Hapa? Una ndugu?"

"Sina."

"Una kazi?"

"Sina."

"Basi umefika," akasema, akanirushia nyanya nne dirishani na kuondoka.

Simu ilitetemeka nikiwa bado kando ya barabara, kati ya marundo ya vitunguu. Mlezi alikuwa amejibu. Kosa, aliandika, halikuwa langu. Kuna faili jingine la zamani ambalo huijaza kila njia isiyo na alama ya msimu neno "imefungwa", kabla msimbo wangu haujaifikia. Aliliandika yeye mwenyewe mwaka alioanza, na hakuna ambaye angelijua bila kuambiwa. Ningemwonyesha wiki ile ya kwanza ya kukwama, tungelimaliza kabla chai yake haijapoa.

Nilisoma hilo la chai nikalisoma tena. Wiki zote zile.

Nafasi, aliendelea, imeshafungwa na hawezi kuirudisha. Wazo la njia za kiangazi ameliweka tena kwenye ukurasa, na tayari kuna mwanafunzi wa nchi nyingine aliyeliomba, anayejua kuandika msimbo vizuri lakini hajawahi kuona barabara ya udongo ikilowa. Ataianza kazi pale ulipoishia msimbo wangu. Je, nitakubali awe ananiuliza maswali?

Mtu mwingine, basi, ndiye atakayeziingiza njia zangu kwenye ramani, na jina litakalokaa pale ni lake. Nilisimama na hilo mpaka mwenye vitunguu akaniomba nisogee asije akanigonga na gunia. Kisha nikamjibu mlezi ndiyo. Nikaongeza kwamba inaniuma. Sikuwahi kumwambia mtu mkubwa jambo kama hilo bila kuulizwa.

Nyuma ya soko nikakuta gesti yenye ua uliojaa vitunguu vilivyoanikwa juu ya maturubai. Mwenyewe, mwanamke wa makamo, alikuwa anavifunika haraka kwa sababu ya wingu.

"Karibu, kaka. Shika huo upande."

Nikashika, tukafunika pamoja.

"Vyumba vimebaki viwili," akasema akipangusa mikono. "Cha nyuma kina feni. Cha mbele hakina feni ila mtandao unashika dirishani. Vyote pamoja sina, usiniulize."

Jasho lilikuwa linanitiririka mgongoni.

"Nipe cha mbele."

"Utaungua humo. Siku ngapi?"

"Sijui bado. Kuna mwanafunzi atakuwa ananiuliza maswali."

"Kumbe ni mwalimu?"

"Hapana, dada."

Alinitazama begi, na nyanya nne mkononi, akachagua ufunguo mmoja kwenye kamba na kutangulia kunifungulia dirisha.