Asubuhi Plagi Ilipopotea

Jana fundi alichomoa plagi ya pikipiki yangu, akaipuliza, na ile harufu ya petroli iliyoungua ikanirudisha uani kwa nyanya, kule Nunguni, asubuhi shangazi alipojiandaa kwenda Ziwa Turkana.

Alikuwa ameshapaka cheni mafuta na kufunga jerikeni la maji kwa mpira wa tyubu. Akapiga kiki, pikipiki haikuwaka. Alipoinama kuangalia, plagi haikuwepo.

"Nani ameitoa?" aliniuliza.

Nilikuwa nimemwona nyanya alfajiri akiifungua kwa spana, vile alivyozoea kumwona binti yake akifanya. Nikaanza kulia, nikaonyesha jikoni kwa kidole.

Shangazi alimkuta nyanya akichambua ndengu.

"Mwaitu," alimwita mama yake kwa Kikamba, "nirudishie."

"Huko ni mbali, mwanangu. Ukianguka, nani ataniletea habari?"

"Basi panda twende mpaka Mukuyuni, uone vile ninaendesha."

Nilijua atakataa. Lakini nyanya alitoa plagi kwenye debe la mbaazi, akaifuta kwa leso, akampa.

Walirudi saa sita, nyanya ana vumbi mpaka kwenye kope, anacheka kicheko ambacho sikuwa nimewahi kukisikia. Mzigo wa shangazi aliufunga nyanya mwenyewe, akavuta fundo mara tatu.

Tulisimama langoni mpaka mlio ukaishia bondeni. Kisha nyanya akaniuliza kama shuleni walikuwa wametufundisha maji ya ziwa hilo ni ya rangi gani.