Kanga ya Candida

Kilio cha asubuhi hakinishtui tena. Mwaka wa kumi na moja huu nalea watoto wa watu katika vyumba viwili nyuma ya maduka ya vitenge, hapa Msimbazi. Mzazi anayeganda mlangoni namfukuza. Mtoto halizwi na kuachwa, analizwa na kuagwa mara tano.

Nina sharti moja: mama aniletee kanga aliyolalia, isiyofuliwa. Mtoto akilia namfunika nayo, ananusa, ananyamaza. Kila mtoto ana mfuko wake na msumari wake.

Candida aliniletea yake, ya kahawia, siku ya kwanza ya bintiye Mboni. Miezi mitatu baadaye akafa kwa homa ya wiki moja. Siku ya kuanua matanga ndugu zake walitoka Masasi, wakagawana nguo za marehemu kama desturi ilivyo, mpaka kandambili. Ilisalia kanga hii peke yake, kwa kuwa ilikuwa kwangu, msumarini.

Tangu hapo anayemleta Mboni ni baba yake, Zakayo, anayepakua mizigo bandarini. Mtoto analia, Zakayo anatoa kanga mfukoni mwenyewe, anamfunika, na kichwa chake anakiingiza humo humo. Anakaa. Akiinuka uso mkavu, kama mtu anayengoja namba yake iitwe. Hata msibani hakutoa chozi, na wanawake wa mtaa walimsema sana. Mimi ninachomkaripia ni kuchelewa.

"Baba Mboni, nenda kazini bwana. Unamzidishia mtoto."

"Naenda, Mama Isidori," husema, na haendi.

Alhamisi Mboni aliitapikia uji ile kanga. Nikaifua. Sikufikiri kitu, mikono ilijiendea tu: sabuni ya unga, maji mawili, jua la uani. Niliikunja huku nikijisifu kwa usafi wangu, mjinga mimi.

Ijumaa Mboni alilia kama kawaida. Zakayo akamfunika. Mtoto akanusa, akaisukuma kanga, akaona wenzake wanavuta gari la kopo, akawafuata. Ikawa basi, kilio kimekwisha.

Zakayo alibaki amechuchumaa. Akaileta kanga puani. Akaigeuza, akanusa pindo, akanusa kona zote nne, taratibu, moja moja.

"Umeifua," akasema.

"Ilitapikiwa, baba."

"Sawa."

Akaikunja vizuri, akairudisha mfukoni, akautundika mfuko msumarini. Nilitamani anitukane. Alipofika mlangoni akashika mwimo, na hapo ndipo akalia, kwa sauti, mwanamume mzima na fulana yake ya kazi. Watoto wakaacha gari lao wakamtazama, Mboni naye.

Mimi najua la kufanya mtu akilia mlangoni pangu. Mkono ulikwenda wenyewe msumarini, ukaitoa ile kanga, nikabaki nimeishika. Ilinukia sabuni.