Nundu Iliyofutwa Pichani

Marehemu mume wangu alikuwa fundi wa miguu ya bandia kwa miaka ishirini na sita. Karakanani walimwita Kiganja, kwa kuwa hakuamini kipimo chochote mpaka apapase mguu kwa mkono wake. Naandika habari zake kwa sababu wengi wanazijua nusu.

Ilipoletwa kamera inayopima umbali wa kila nukta ya kitu kilicho mbele yake, picha zilitoka mbovu: matundu meusi, kingo zilizolika, ngozi kama ukuta usiopigwa lipu. Kiganja alihangaika miezi mitano akitunga programu ya kuziba matundu na kulainisha mikwaruzo. Picha zikawa safi kama yai. Wakubwa wakampongeza, nami nikatembea kichwa juu. Taratibu akaacha kupapasa.

Mteja mmoja, mama fundi cherehani, alirudi baada ya wiki mbili za kuvaa mguu wake mpya akiwa na kidonda. Mume wangu akafungua picha ya awali, ile mbovu, akaona nundu ndogo ya mfupa chini ya goti. Programu iliidhania mkwaruzo, ikaifuta, na mguu ukachongwa bila nafasi yake.

Alinieleza jikoni. Mimi, niliyesoma kuliko wote katika ukoo, nikamwambia jina letu si la kuchezewa. Aseme ngozi ya yule mama ni laini mno. Akasema hivyo. Mama wa watu akamwomba radhi.

"Nisamehe, Fundi. Ngozi yangu inakuharibia kazi."

 Kesho yake akachukua picha zote mbili aende kwake. Nilisimama mlangoni kumzuia. Akanisogeza kando kwa upole, akaenda. Alivyonisimulia, mama alizitazama weee, kisha akacheka.

"Kumbe umenifuta mfupa kama doa la chai. Haya, baba, weka mkono."

Akapapasa. Mguu ukachongwa upya, na tangu hapo kila picha safi ilifunguliwa pamoja na mbovu yake.

Msibani kwake, mama yule alikuja akitembea sawasawa, akanishika mikono.

"Wifi, Mungu akulipe. Aliniambia ni wewe uliyemtuma aje aseme kweli."

Sikumsahihisha. Mwaka wa nne huu, nikimwona anakuja kwa hatua zake nzuri, navuka barabara.