Karavani ya Mzee Malcolm Inangoja Mvua

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Mzee Malcolm Thackray kilikuwa kidole gumba chake. Nilikuwa nimefika Hollinby na mabegi yangu, mpangaji mpya wa chumba cha juu nyumbani kwake, na badala ya kunipokea mlangoni nilimkuta amepiga magoti ndani ya karavani iliyoegeshwa mbele ya nyumba. Alikuwa anabonyeza ukuta wa pembeni kama daktari anayetafuta panapouma kwenye tumbo la mtoto. Ukuta ukabonyea. Alipoondoa kidole, shimo likabaki. Mzee Malcolm akalitazama, akasema kwa sauti ya upole, "Samahani."

Nilidhani ananiambia mimi, nikamjibu kwamba hakuna neno. Kumbe alikuwa anaomba radhi kwa ukuta. Tulibaki tukitazamana kwa haya, na nyuma yake mlango wa kabati ukachomoka taratibu na kulala sakafuni.

Karavani ile ilikuwa mpya. Ilikuwa na vitanda viwili, jiko, choo na meza ya kukunja, na ilikuwa tayari kufungwa nyuma ya gari na kukokotwa popote duniani ambako hakunyeshi. Kwa bahati mbaya ilinunuliwa Uingereza.

Hapa kwetu mashariki mwa Yorkshire karavani huundwa kama kwingine watu wanavyooka mikate. Kila mtaa una mtu anayefanya kazi kiwandani, na paa la kiwanda kilichounda ile ya Mzee Malcolm linaonekana kutoka dirisha la chumba changu. Yeye mwenyewe alikifanyia kazi kiwanda hicho tangu amalize shule hadi alipostaafu, katika chumba cha kushonea mito ya viti. Alishona mito ya maelfu ya familia zilizokwenda kulala kando ya maziwa na chini ya milima. Yeye na mkewe, Bi Glynis, likizo zao walizimalizia kwa Pauline, dada yake Bi Glynis, huko Bridlington, juu ya kochi la sebuleni linalokunjuliwa kuwa kitanda. Pauline alikuwa analala chumba cha pili na kukoroma kiasi cha kutikisa picha ukutani.

Ndiyo maana Mzee Malcolm aliweka ahadi. Siku atakayostaafu watanunua karavani yao, mpya kabisa, watoke nayo hadi pwani ya Northumberland, waamke wasikie bahari tu. Bi Glynis aliingoja ahadi hiyo miaka mingi. Karavani ilipofika aliipangia vikombe, akaifumia pazia la mlango, akanunua ramani. Kisha mvua ya kwanza ikanyesha na kona ya kitanda chake ikalowa.

Mzee Malcolm alikuwa na maelezo. Kwanza alisema ni pumzi ya watu. Kisha akasema ni birika. Kona ilipoanza kuota kitu cha kijani alisema huenda ni rangi ya kitambaa, na kwamba hata hivyo mto wenyewe ulikuwa umeshonwa vizuri mno, tazama pindo lile. Kila kasoro iliyojitokeza aliipokea kama jamaa mkorofi ambaye huwezi kumfukuza kwa kuwa ni damu yako. Dirisha likigoma kufungwa, alisema linapenda hewa. Alijicheka mwenyewe kabla mtu mwingine hajapata nafasi. "Wenzangu hukokota karavani kwenda penye bwawa la kuogelea," aliniambia. "Mimi nimeona nisihangaike, nimenunua bwawa lenyewe."

Lakini kuchekesha ni jambo moja na kulalamika ni lingine. Ijumaa jioni kwenye baa, wenzake wa zamani wa kiwandani walimuuliza karavani inaendeleaje, naye akawajibu kwamba ni safi, haina mfano. Angesema nini? Kuisema karavani vibaya mbele yao kulikuwa kuyasema maisha yake yote.

Utaratibu, zaidi ya hayo, haumruhusu mnunuzi kwenda kiwandani hata kama anakiona dirishani. Dhamana inapitia kwa muuzaji. Muuzaji wetu alikuwa na uwanja mkubwa nje ya mji, na msimamizi wa huduma baada ya mauzo hapo ni kijana mnene, mpole, anayeitwa Craig Pinder. Craig huuliza kila anayeingia kama mambo yote ni sawa. Na sisi watu wa huku, ukituuliza hali, hata kama mguu uko kwenye plasta, tunajibu kwamba si mbaya. Basi Mzee Malcolm alikuwa akiikokota karavani hadi pale, anaulizwa, anajibu kwamba si mbaya hata kidogo, ila kuna kaunyevu kadogo mahali fulani, wakipata nafasi, lakini hataki kumsumbua mtu. Craig huandika hivyohivyo alivyoambiwa. Mafundi wa karakana, wakisoma kwamba mteja ameridhika na hataki kusumbua, hawakumsumbua. Walirudishia mlango wa kabati, na tangu hapo bomba la maji moto likaanza kutoa maji baridi, na la maji baridi likatoa hewa. Mzee Malcolm aliwapelekea keki ya kuwashukuru.

Hapo ndipo nilipojitolea. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya sheria, na haki za mnunuzi nilizijua kifungu kwa kifungu. Nilimwambia Mzee Malcolm aniachie mimi. Njiani kwenye gari nilimsomea hotuba yangu, ilikuwa na utangulizi, hoja kuu na hitimisho, naye akaitikia kwa kichwa kwa heshima na kuniita msomi. Tulipofika, Craig akatuuliza mambo yakoje, akatusogezea chai na sahani ya biskuti za tangawizi. Nikafungua mdomo. Maneno yaliyotoka yalikuwa ya kumuuliza biskuti hizo amezinunua wapi.

Tulirudi nyumbani na jina la duka la biskuti, na kalenda ya bure yenye picha za karavani kavu.  "Umewakalia kooni kwelikweli, msomi," Mzee Malcolm alisema akiendesha. "Niliona Craig anatetemeka."

Mambo yangeendelea hivyo hadi karavani ioze yote, kama asubuhi moja Bi Glynis hangekwenda kuchukua ramani yake na kuikuta imeshikana kama mkate uliolowekwa. Aliileta mezani tukiwa tunakula, akaiweka kando ya siagi. Yeye si mtu wa kelele. Alimmiminia mumewe chai kwanza.

"Malcolm, karavani hii nimeingoja tangu nywele zangu zikiwa nyeusi," alisema. "Ama iwe kavu, ama irudi ilikotoka, na mimi niende Tenerife na Pauline."

Mzee Malcolm aliushika mkate wake asiule. "Pauline anakoroma," alisema.

"Anakoroma pakavu."

Sijawahi kumwona mtu akishindwa hoja kwa haraka namna ile, na nimekaa katika mihadhara mingi. Kwa Mzee Malcolm, Bi Glynis kwenda kuota jua kisiwani Tenerife hakukuwa likizo ya wiki moja. Kulikuwa mwisho wa kitu pekee alichowahi kumwahidi.

Jumamosi tulikwenda wote watatu. Jumamosi ndiyo siku ukumbi wa muuzaji hujaa watu wanaotaka kununua. Bi Glynis alikuwa amebeba ule mto wa kona, uliolowa, ndani ya mfuko wa plastiki. Aliutoa, akauweka juu ya meza ya Craig, akasema habari za asubuhi mwanangu, akakataa chai. Kisha akaenda kukaa kwenye kiti kilichokuwa karibu na mlango, akatoa sindano zake za kufumia na uzi wa sufu. Craig alimfuata kumuuliza amsaidie nini. Alimjibu kwamba yeye hana shida, anangoja tu mumewe aseme kilichomleta, na kwamba hana haraka kwa kuwa anafuma sweta la mtu mzima.

Watu wakaanza kuingia. Hapa ukimkuta mama mwenye mvi amekaa mlangoni anafuma, ni lazima umsalimie, na ukishamsalimia, ni lazima umuulize neno. Mume na mke mmoja walimuuliza kama karavani za hapa ni nzuri. Bi Glynis akafikiri kwa haki. Alisema mito ni mizuri sana, mume wake ndiye aliyekuwa akiishona, ule pale mezani ni mmojawapo, waende waubonyeze. Wakaenda. Wakaubonyeza. Maji yakatoka yakaelekea kwenye kompyuta ya Craig.

Baada ya familia ya tatu kuubonyeza mto na kutoka bila kuaga, Craig alikuja kwa Mzee Malcolm, ambaye muda wote huo alikuwa amejificha nyuma ya rafu ya vipuri akijifanya anasoma bei za bawaba. Akamuuliza, kwa sauti karibu ya kuomba, tatizo hasa ni nini.

Niliona masikio ya Mzee Malcolm yakiwa mekundu. Alimtazama mkewe. Sindano zilikuwa zimesimama. Nilitaka kumsaidia kwa kifungu cha sheria, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikawa na akili ya kunyamaza.

"Inavuja, Craig," alisema. "Tumeiunda vibaya."

Alisema tumeiunda, kana kwamba na yeye alikuwepo siku gundi ya ukuta ule ilipopakwa nusu. Craig alishusha mabega, si kwa hasira, bali kama mtu aliyetuliwa mzigo. Alieleza kwamba yeye alikuwa anajua tangu mwanzo. Lakini kiwanda hakikubali kubadilisha ukuta mzima kwa sababu ya kaunyevu kadogo ka mteja aliyeridhika. Anachokihitaji ni mteja aseme waziwazi, naye aandike alivyosema. "Mzee wangu, umeniletea keki mara nne," alisema. "Ningewaambia nini, kwamba keki ililowa?"

Siku hiyohiyo fundi alikuja na kipimo cha unyevu, akakigusisha ukutani, kikalia mpaka mbwa wa jirani wa uwanja akaitikia. Karavani ikabaki karakanani. Ukuta mpya uliagizwa kutoka kiwandani, yaani kutoka kwenye lile paa ninaloliona nikiamka, na ulichukua majira yote ya baridi na nusu ya masika kufika. Mzee Malcolm alisema pengine wanautuma kupitia Tenerife.

Ilirudi mwanzoni mwa Juni, ukuta mpya, mabomba yakijua majina yao. Bi Glynis aliikagua yote, akasema inapendeza. Lakini alishapendezwa mara moja akalowa, kwa hiyo aliweka sharti: mvua moja ya kweli inyeshe kwanza. Kona ikibaki kavu, wanaondoka kwenda Northumberland, nafasi yao katika kambi ya karavani huko ilishawekwa. Ikilowa, Pauline anamshikia kiti kwenye ndege hadi Ijumaa ya mwisho ya Julai.

Na hapo, katika nchi hii ambayo harusi, mazishi na mechi zote huendeshwa chini ya miavuli, mvua ikakoma. Juni ikapita kavu. Julai majani ya bustani yakawa rangi ya mkate uliochomwa. Majirani walianika matumbo yao juani wakasema hawajapata kuona majira mazuri namna hii, na Mzee Malcolm akawa anawaitikia kwa uso wa mfiwa. Kisha kampuni ya maji ikapiga marufuku mipira ya kumwagilia, na Mzee Malcolm si mtu wa kuvunja marufuku hata kwa tone.

Nilifanya utafiti. Niligundua kwamba marufuku inataja mpira, haitaji ndoo ya bustani. Kwa hiyo jioni moja nilipanda ngazi na ndoo ya kumwagilia maua, nikaanza kuinyeshea karavani kwa juu, kisheria kabisa. Jirani wa mkabala, mwalimu mstaafu, alisimama na mbwa wake akaniangalia kwa muda mrefu.

"Unaimwagilia ikue, mwanangu?" aliuliza.

Mzee Malcolm alitoa kichwa dirishani akamjibu kwamba wanatumaini itafikia ukubwa wa nyumba ya Pauline. Halafu akaniomba nishuke. Alisema kwa upole kwamba maji ya ndoo huanguka wima kama watu wenye adabu, wakati mvua yetu huja kwa ubavu kutoka baharini, ikipekua kila upenyo. Zaidi ya hapo nilikuwa nimemmwagia kichwani.

Leo ni Alhamisi, kesho ndiyo Ijumaa hiyo, na Pauline ameshapiga simu mara mbili kuulizia kiti. Tangu saa kumi jioni mawingu meusi yamepanda kutoka baharini na sasa yamefunika paa la kiwanda. Upepo umeanza kuvuta nguo kwenye kamba, na mtaa mzima watu wanakimbilia kuanua, wananung'unika, wanalaani bahati yao. Ndani ya karavani Bi Glynis amekaa kwenye kona yake, chupa ya chai mapajani, begi lake la safari miguuni. Hajasema ni la kwenda wapi. Mzee Malcolm amejipangusa viganja kwenye suruali, amekaa ubavuni pake, macho ukutani, na ameacha kufanya mzaha.

Mimi nimepewa kazi ya kusimama nje na kutoa habari. Simu inalia ndani ya nyumba na hakuna anayekwenda kuipokea.

"Bado?" Mzee Malcolm ananiuliza kupitia dirishani.

Nimeinua uso, nimenyoosha mikono yote miwili. Udongo umeanza kunuka. Namwambia bado, lakini asisogee.