Mafungu Kumi na Tisa ya Injini ya Ndululu

Kwa miaka kumi na moja pikipiki ya Ndululu iliishi sebuleni, kati ya kabati la vyombo na picha ya harusi, na wote waliofika katika boma lile nje kidogo ya Zombe waliizoea kama mtu anavyomzoea shemeji asiye na kazi. Ilifunikwa kitambaa cha kufuma. Jumapili ilibadilishiwa.

Ilikuwa Yamaha DT ya mwaka 1982, ya kupita porini, matairi yenye meno. Ndululu alipewa na serikali alipokuwa afisa wa kupandisha ng'ombe bila fahali. Miaka ishirini na minne alizunguka nayo vichakani, mbegu za fahali wa kigeni zikiwa nyuma yake kwenye mtungi wa baridi, na alipostaafu akainunua mnadani. Watu walimwita Ndume wa Injini. Hakukasirika, kwa maana kulikuwa na ndama wengi mno katika wilaya ile ambao kwa namna fulani walikuwa jukumu lake. Halafu injini ikafa, naye akaiingiza ndani isiibwe.

Mwaka huu bintiye Yvonne akapata mchumba wa Makindu, na wakwe wakatuma habari kwamba wanaleta mbuzi wa ntheo, wale watatu ambao bila wao Mkamba hajaoa, hata akiwa na cheti cha kanisa. Kaluki, mkewe Ndululu, akasimama katikati ya sebule akaipima pikipiki kwa macho.

"Baba Yvonne, hicho chuma kitoke kabla wageni hawajakunywa chai."

"Kitatoka."

"Kikitoka kikinguruma, nitakujengea kibanda chake, mabati juu. Kisiponguruma, Jonah fundi anakibeba kwa gunia aende auze vipande."

Mtu aliyeoa miaka arobaini hujua tofauti ya maneno na sheria. Ndululu alijua hii ni sheria, na ilibaki wiki mbili na nusu.

Shida ni kwamba macho yake yalikuwa na ukungu, nati na kupe vikawa vinafanana. Jonah, fundi wa boda boda pale sokoni, alijua injini lakini alikuwa mmoja. Bahati ni kwamba Jumanne iliyofuata zamu ya mwethya iliangukia bomani kwa Ndululu. Majirani wa mwethya hufanyiana kazi kwa zamu, leo matuta kwa huyu, kesho silanga, bwawa la maji ya mvua, kwa yule. Wakafika kumi na tisa na majembe yao. Kaluki alikwisha kuwapimia matuta kwa vigingi. Ndululu akatoka na spana.

"Leo hatuchimbi. Leo tunafungua injini."

Ndunge, mama mwenyekiti, akaegemea jembe lake. "Asa, hiyo ni kazi ama ni ugonjwa?"

"Kanuni inasemaje, mwenyekiti?"

Ndunge akashusha pumzi. Kanuni zilikuwa mbili. Kazi ya mwenye boma haiulizwi, na kila mtu apate sehemu sawa na mwenzake.

Jonah akaifungua injini juu ya turubai. Alipogeuka kutafuta kitambaa, Ndunge alikuwa amekwisha kuigawa mafungu kumi na tisa, akiyapima mkononi kama nyama ya mbuzi.

"Huyu wa kranki amepata mfupa mkubwa," akasema. "Mwondolee zile nati, mpe huyu wa kabureta."

"Mama, injini haigawanywi kama mbuzi!" Jonah akalia.

"Kwani mbuzi inagawanywaje? Si mpaka iishe?"

Kila mtu akabeba fungu lake nyumbani akalisafishe, lirudi baada ya wiki. Aliyechelewa kufika alipewa klachi yote, kama adhabu.

Hapo ndipo lilipotokea kosa, nalo lilikuwa kosa la watu wenye bidii. Piston ilimwangukia Kalekye, mwanamke ambaye sufuria zake ziling'aa hata mtu akaweza kujitazama humo akinyoa ndevu. Aliichemsha kwa magadi. Akaisugua kwa jivu, akaisugua kwa mchanga wa mto, akaisugua siku sita, na alipoirudisha watu walifumba macho.

Jonah akaitumbukiza kwenye silinda, akaisikiliza. "Hii imekonda."

"Imekonda ama imetakata?" Kalekye akauliza.

"Imekonda, mama. Itacheza humo ndani kama mguu kwa gambuti ya mtu mwingine."

"Itawaka?" Ndululu akauliza. Hilo tu ndilo alilotaka kujua.

"Kuwaka itawaka. Lakini itatetemesha mtu kuliko malaria."

Kuifunga humo sebuleni kulichukua siku zote zilizobaki, kwa sababu kila mtu alisisitiza kurudisha fungu lake kwa mkono wake mwenyewe, na wengine walikuwa na mashamba.

Jumamosi wageni wakafika na Probox kutoka Makindu, saa mbili kabla ya wakati. Kati ya wakwe huo ni uchokozi. Aliyewaongoza alikuwa Mzee Mutiso, ami yake bwana harusi, mnene, mcheshi. Maji ya chai yalikuwa jikoni yameanza kuimba, na DT ilikuwa bado sebuleni.

Mwethya wakapanga foleni. Kila mtu kiki moja ya kuiwasha, sawa na mwenzake. Kumi na nane wakapiga, kumi na nane wakashindwa, na Kaluki akatoka jikoni na birika mkononi. Kalekye akawa wa mwisho. Akakunja leso, akaomba kimoyomoyo, akapiga.

Ikawaka. Sebule ikajaa moshi wa buluu, picha ya harusi ikaanguka, na katikati ya moshi ule Ndululu akatoka mlangoni juu ya pikipiki yake, akilia na kucheka, akasimama uani. Kaluki, ambaye neno lake ni neno, akamwonyesha mahali pa kibanda.

"Mzee, usizime!" Jonah akampigia kelele sikioni. "Nusu saa! Pete za piston zinatafuta mahali pa kukaa!"

Baba wa msichana hawezi kuondoka kwenye injini, na maneno ya ntheo hayawezi kuanza bila baba wa msichana. Wazee wakabeba viti, wakaizunguka pikipiki.

"Muthoni!" Mutiso akaanza, maana ndivyo mkwe anavyoitwa. "Tumeleta mbuzi tatu! Unazikubali?"

Ndululu hakusikia neno. Lakini injini ilimtetemesha kuanzia makalio hadi utosini, na kichwa chake kikapanda na kushuka, kikapanda na kushuka. Wazee wakaridhika.

"Harusi iwe Desemba?"

Kichwa kikapanda na kushuka. Mutiso hakuwahi kukutana na mkwe mwepesi namna hii. Akafanya mzaha.

"Muthoni, sisi tumekuja na mbuzi! Turudi mikono mitupu? Ama turudi na huyu ndume wako wa chuma?"

Watu wakacheka. Kichwa kikapanda na kushuka. Kicheko kikakatika. Mutiso akauliza mara ya pili, kwa adabu, halafu ya tatu, mbele ya mashahidi, na mara zote mbili akaitikiwa.

"Ona, mpaka machozi," mzee mmoja akasema. "Huyu ametoa kwa moyo."

Yalikuwa ya moshi.

Nusu saa ilipokwisha Ndululu akazima. "Haya," akasema. "Sasa tuanze."

"Tumemaliza," akajibiwa, na akaelezwa walivyomaliza.

Akawatazama wazee, mmoja mmoja. Neno lililotolewa mbele ya wakwe na mbuzi watatu halimezwi, naye alilijua hilo kuliko wote, kwani maisha yake yote aliwakaripia waliojaribu kulimeza. Akamgeukia Kaluki.

"Mimi nilishakubali kujenga," Kaluki akasema polepole, na ilionekana kwamba kweli anamhurumia.

Yvonne akatokeza mlangoni na vikombe. "Baba, ni mimi naenda Makindu ama ni pikipiki?"

Ndululu alikuwa tayari amemshika Mutiso mkono, amempeleka pembeni.

"Mtu asiipe petroli tupu," akamwambia. "Ichanganywe na oili. Asubuhi ya baridi ina hasira, usiipigie kelele. Na isilale nje."

"Tutaitunza, muthoni. Na msichana? Huna la kutuusia?"

"Msichana ana mdomo wake," Ndululu akasema. "Akikosa kitu atawaambia."

Kisha akaifunga DT juu ya paa la Probox kwa mkono wake mwenyewe, na Jonah alipotaka kumsaidia na kamba akamkataza.