Upawa wa Supu Alipewa Nyangeta

Sisi tuliokua kabla friji hazijaingia nyumba za huku kwetu tunajuana hata bila kuulizana umri. Ndio tuliofundishwa kunusa. Maziwa tuliyanusa, dagaa tuliwanusa, na supu ya jana tuliinusa kabla haijagusa midomo, maana hapakuwa na kitu kingine cha kutuhakikishia. Watoto wetu hawanusi chochote. Wanafungua friji, wanasoma tarehe kwenye kopo, wanafunga. Mwaka jana binti yangu Neema alinionyesha kwenye simu dada mmoja mwenye kucha ndefu kama za mwewe, anawafundisha watu kuchemsha mifupa ya ng'ombe. Kaipa supu jina la Kiingereza, utadhani kaigundua yeye. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Halafu nikakumbuka Butiama, na mimi nikikumbuka Butiama huwa nakumbuka na wivu.

Nilizaliwa Bunda mjini. Baba alifanya kazi kiwanda cha kuchambua pamba, na shule zikifungwa tu mama ananipeleka Butiama kwa Bibi, mama yake mzazi. Pale kwa Bibi aliishi Nyangeta, mtoto wa mama mkubwa, ambaye mama yake alifariki yeye akiwa hajaota meno. Nilimzidi mwaka mzima, na huo mwaka niliutumia vizuri. Mimi ndiye nilikuwa naanza kuruka kamba, mimi ndiye nilikuwa nachagua timu ya rede, na tukienda kuteleza kwenye yale mawe makubwa nyuma ya nyumba, mimi natangulia na yeye anafuata, mpaka sketi zetu zote mbili zikawa na madirisha nyuma. Kila kitu nilikuwa wa kwanza. Isipokuwa jikoni.

Bibi alijulikana kwa supu ya mifupa. Mtu akivunjika mguu, mtoto akitoka kuugua surua, mwanamke akijifungua, anatumwa mtu na kibuyu kwa Bibi. Siku ya kuchinja tulikuwa tunaenda bucha asubuhi na mapema kuchukua mifupa ya magoti na miguu, ile ambayo mwenye bucha ameipasua kwa shoka ili uboho uonekane. Bibi aliiosha, akaibanika kidogo kwenye makaa mpaka ianze kunukia, ndipo akaitia kwenye chungu kikubwa na maji baridi. Maji baridi, alisisitiza. Ukitia ya moto mfupa unajifunga kama mtu aliyetukanwa. Kisha anavuta kuni nje, anabakiza mbili tu, na hapo inaanza kazi ya kuengua povu. Povu la kwanza la kijivu, la pili jeupe, mpaka supu ibaki inatabasamu tu pembeni mwa chungu. Haikuruhusiwa kutokota. Tangu asubuhi mpaka jua linakwenda Musoma kulala, mtu anakaa pale na upawa.

Mtu huyo alikuwa Nyangeta.

Sijui Bibi alimchagua lini. Nilikuja likizo moja nikakuta upawa ni wake. Ulikuwa wa kifuu, mpini wa mti umekuwa mweusi kwa kushikwa, na haukuchovywa kwenye kitu kingine chochote isipokuwa supu. Nyangeta alikuwa anaukosha yeye, anauanika yeye, anautundika yeye. Mimi nilitumwa kuni. Na chungu kikiepuliwa, ule mfupa mnene kuliko yote, wenye uboho unaotikisika kama uji, Bibi alikuwa anampa nani? "Mpishi anakulaga kwanza," alisema, na mimi nikapewa mfupa wa pili. Niliunyonya huku namwangalia mwenzangu. Hata leo naweza kuwaambia mafuta yalimchuruzika mpaka wapi kwenye mkono.

Siku moja nililalamika. Nikasema, "Bibi, mbona mimi mkubwa?"

Bibi hakuacha kuchuja. "Ukubwa wako uko miguuni, mjukuu wangu. Supu haimtaki mtu wa miguu. Inamtaka mtu wa makalio, anayeweza kukaa."

Waliokuwapo jikoni walicheka wote. Nyangeta alicheka kidogo tu, na akajifunika mdomo kwa heshima, lakini mimi niliuhesabu kuwa mcheko mkubwa kuliko wote.

Basi ikaja likizo ile ya mwezi wa sita. Mke wa mjomba, ambaye nyumba yao ilikuwa hapo hapo uani kwa Bibi, alikwenda hospitali kujifungua mtoto wake wa kwanza, na tukaambiwa atarudi baada ya siku mbili. Bibi akapika chungu kizima kwa ajili yake. Alipomaliza aliichuja kwenye mtungi, akauweka kwenye kona ya giza ambapo tulikuwa tumemwaga mchanga na kuulowanisha maji, akaiacha ipoe. Hiyo ndiyo friji yetu. Mafuta yakapanda juu yakaganda, kifuniko cheupe, kizima, bila ufa. Chini ya kifuniko hicho supu ilikuwa salama kwa siku nzima mpaka kesho yake, ndipo inachemshwa tena na kufungwa tena kwa mafuta yake yenyewe. Sheria ilikuwa moja. Ukishatoboa mafuta, chemsha.

Asubuhi iliyofuata ukaja msiba Bugwema kwa ndugu zake Bibi. Ilibidi aende alale huko. Alisimama mlangoni na kanga mbili, akasema, "Nyangeta, supu nakuachia. Ichemshe sasa hivi, ifunge, usiiguse mpaka kesho nitakaporudi." Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo, tena mbele ya Nyangeta. Alinipita na macho kama mtu anayepita kiti.

Nyangeta alichemsha, akaipoza, mafuta yakaganda vizuri kama ya Bibi. Mchana akachukua ndoo akaenda kisimani. Nikabaki peke yangu jikoni na ule mtungi.

Ningependa kuwaambia kwamba njaa ilinituma. Sikuwa na njaa. Niliutungua upawa wake ukutani, nikauchovya kwenye sufuria ya mchuzi wa dagaa wa jana uliokuwa umeanza kuchacha, kisha nikautumbukiza kwenye mtungi. Kifuniko cheupe kilipasuka kwa sauti ndogo. Nikakoroga. Nikayarudisha mafuta kwa kidole kipande kipande, nikafunika, nikaufuta upawa kwa majani na kuutundika mahali pake. Nilitaka kitu kimoja tu, Bibi arudi amwangalie Nyangeta kama alivyoniangalia mimi.

Alirudi kesho yake, na mke wa mjomba akaletwa muda ule ule, amekaa kwenye baiskeli kwa upande, mtoto kifuani, uso umempauka. Bibi hakuvua hata viatu. Alikwenda moja kwa moja kwenye mtungi, akafunua, na kabla hajainama tulisikia sote. Harufu kali, ya uchachu, na mafuta yamefura mapovu.

"Nyangeta."

"Bee, Bibi."

"Uliifungua?"

Nyangeta aliangalia mtungi. Akanyoosha mkono ukutani akautungua upawa wake, akausogeza puani. Kisha akaniangalia mimi. Akaurudisha upawa ukutani, akasema, "Nisamehe, Bibi."

Hakupigwa. Afadhali angepigwa. Bibi alimwaga mtungi mzima nyuma ya nyumba, chakula cha mzazi, akimwaga taratibu. Akamkamata kuku wake aliyekuwa anaatamia, akamtoa juu ya mayai kumi na moja, akamchinja ili mzazi apate cha moto. Maziwa yalichelewa kutoka. Kichanga kililia siku mbili, na mimi kila kilipolia nilijua kinalia jina langu. Mayai yakapoa, tukayatupa.

Na upawa nikapewa mimi.

Mifupa ilipopatikana tena Bibi aliniweka kwenye kigoda cha Nyangeta, na Nyangeta akatumwa kuni. Nilikuwa nimekipata nilichokitaka. Lakini kukaa pale kulikuwa kama kukaa juu ya siafu. Bibi alipotoka niliongeza kuni ili iive haraka, supu ikatokota, ikageuka rangi ya maji ya mto baada ya mvua. Bibi aliionja, akatema mate kidogo pembeni. "Hii tutapikia maharage," akasema. Hakukasirika. Likizo iliyofuata nilipofika nilimkuta Nyangeta kwenye kigoda chake, na hakuna aliyenieleza chochote, wala sikuuliza.

Bibi alipofariki, Nyangeta aliachiwa chungu na mtungi. Mimi nikaachiwa kitenge kizuri cha wax, ambacho sijawahi kukivaa.

Sasa mimi ni mtu mzima wa Musoma. Nina friji, nina friza, nimestaafu ofisini, najiweza. Nyangeta ana mgahawa wa supu Bunda, karibu na stendi. Madereva wa njia ya Mwanza wanamjua kuliko wanavyomjua mkuu wa wilaya. Kwa miaka yote nilikuwa nikipita Bunda najifanya nina haraka. Nampungia mkono dirishani. Watu wakimsifia kwenye basi nilikuwa naangalia mashamba ya pamba nje ya dirisha.

Neema alipojifungua mwaka jana nilisema hii ndiyo zamu yangu. Nilinunua mifupa bucha ya sokoni, nikaipasulisha, nikaibanika, nikaanza na maji baridi. Niliengua povu mpaka mkono ukafa ganzi. Niliichuja kwa kitambaa cheupe, nikaigawa kwenye makopo, mengine kwenye friji na mengine kwenye friza, na juu yake mafuta yakaganda kifuniko kizima. Nikamchemshia binti yangu kikombe, nikakaa kitandani kwake kumtazama anavyokunywa.

Alikunywa nusu. Akasema, "Nzuri, mama." Halafu akaongeza kwa ile sauti wanayotumia watoto wakitaka kutuumiza bila kutuumiza. "Mama, usikasirike lakini. Mamdogo Nyangeta hawezi kututumia ile yake?"

Nilikwenda mwenyewe. Sikutaka kutuma mtu. Nilimkuta Nyangeta nyuma ya mgahawa, amekaa, sufuria kubwa mbele yake, anaengua. Amenenepa, mvi zimemjaa, lakini mkono ni ule ule, unapita juu ya supu kama unampangusa mtoto uso. Wivu ukanishika, mimi bibi wa mjukuu. Na kwa sababu ulinishika nikajua nisiposema siku ile sitasema tena.

"Nyangeta, ile supu ya mke wa mjomba. Ni mimi niliyeiharibu."

Hakugeuka. "Najua."

"Unajua?"

"Tangu siku ile. Upawa wangu ulinuka dagaa, dada. Mimi sikuwahi kuuchovya kwenye dagaa." Akamwaga povu kwenye ndoo. "Na kidole chako kilikuwa na mafuta kwenye kucha."

Nikakaa kwenye kreti la soda. "Kwa nini hukusema?"

Aliweka upawa chini, na nafikiri ndiyo mara ya kwanza nilimwona anauweka chini sufuria ikiwa motoni. "Ningesema, Bibi angekurudisha Bunda siku hiyo hiyo. Likizo ilikuwa bado wiki tatu. Ningelala na nani?"

Akaendelea, taratibu, hana hata hasira. "Wewe nilikuwaga nakuonea wivu mpaka naumwa tumbo. Kila Jumamosi mama yako anashuka kwenye gari na mandazi, anakupaka mafuta, anakusuka, anakuuliza kama umekula. Ananisuka na mimi, ndiyo, lakini anaanza na wewe. Wewe ulikuwa na mama, dada. Mimi nilikuwa na upawa. Na huo nao ukautaka."

Nililia pale, kati ya magunia ya mkaa, kilio cha mtu mzima kisicho na sauti. Msichana wake wa kuhudumia alichungulia akarudi ndani. Nyangeta alininyanyua, akanifuta kwa pindo la kanga yake. Akasema, "Basi. Supu itatokota."

Alinijazia dumu la lita tano. Neema alikunywa vikombe viwili bila kupumzika, akalala, na mtoto alipoamka alinyonya mpaka jasho likamtoka puani. Nilisimama mlangoni nikiwaangalia. Siwezi kuwadanganya kwamba sikuumia. Iliniuma. Makopo yangu niliyapikia maharage mwezi mzima.

Mjukuu wangu ana chumba chake sasa, kina pazia la wanasesere na mlango unaofungwa. Ana friji iliyojaa, ana mama anayesoma tarehe kwenye kila kopo, na sidhani kama atawahi kukosa kitu. Wenzake ni hivyo hivyo. Kila mmoja ana kitanda chake, sahani yake, simu yake inakuja. Hawana cha kugombania, na watu wanasema ndiyo maendeleo, na mimi sibishi. Ila nikimtazama amelala peke yake katikati ya godoro kubwa namna ile, namwonea wivu mtoto mmoja wa zamani, mwenye sketi iliyotoboka, mbaya wa roho, aliyelala mkeka mmoja na mwenzake wiki tatu baada ya kumfanyia ubaya, na mwenzake akamvutia shuka.

Mimi ndiye nilikuwa yule mtoto, na wala sikuijua bahati yangu.